Ramani ya mafuriko ianzie kwa mjumbe wa shina

Mvua kubwa inapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo kwa mikoa mizima: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Mkuu wa mkoa linamtosha. Mjumbe wa shina, kiongozi wa kundi dogo la nyumba mtaani, aliye kando ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam ana maswali mengine: nyumba zipi zihame kwanza, na njia ipi itaendelea kupitika? Programu ya kompyuta ya kutabiri mafuriko inapaswa kuyajibu hayo.

Picha za setilaiti zinaonyesha mapaa; kalavati lililoziba taka halionekani. Ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani wakachore nyumba, barabara na mitaro pamoja na wakazi. Baadaye wajumbe walionyesha hata mipaka ya mashina yao, ambayo wengi waliijua kwa kichwa tu. Bila mipaka hiyo, huwezi kumwambia mjumbe yeyote kwamba eneo lake ndilo litakalofikwa na maji.

Mkazi hataji kina cha maji kwa sentimita. Atakwambia yalimfika magotini, au kiunoni, kisha atakuonyesha alama ya tope ukutani. Andika alivyosema, halafu toa futi yako upime ile alama.

Kuna na bahari. Mvua ikiangukia siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto hukuta bahari imejaa pale mdomoni na kurudi nyuma. Mvuvi anazijua siku hizo bila kufungua jedwali, lakini ni nadra kumwona kwenye kikao cha wahandisi.

Mwaka 2018 mipango ya Bonde la Msimbazi iliwakalisha pamoja wakazi, manispaa, wizara na wataalamu kwa miezi kadhaa, michoro ikiwa bado inabishaniwa. Wakati huo ndio unaofaa kuwashirikisha wakazi. Mazoea yetu ni kuwaita watu programu ikishakamilika: warsha ya siku moja, chai, posho, picha ya pamoja. Hapo wanashirikishwa kupiga makofi.

Jambo la mwisho ni la fedha. Mitaro huchimbwa, nyumba hujengwa, wajumbe hubadilika. Kabla programu haijaanza kuandikwa, halmashauri ikubali nani ataihuisha ramani kila mwaka kabla ya masika, kwa kifungu kipi cha bajeti, na nani atabandika nakala ya karatasi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, maana mvua ikizidi umeme hukatika.