Hampton Roads, 1862: deraya iliyookolewa na uchache wa baruti

Nafundisha uhandisi wa meli, na kila tukifika kwenye manowari za mwanzo za deraya, yaani zilizovikwa ngao ya chuma, wanafunzi huwa na jibu tayari: Machi 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, huko Hampton Roads katika jimbo la Virginia, chuma kilipambana na chuma na mizinga ikashindwa. Mimi nasema mizinga haikupewa nafasi ya kushinda. Angalia deraya zilivyoundwa, kisha angalia kilichotiwa ndani ya mizinga siku ile.

CSS Virginia, manowari ya Kusini (CSS ni meli za Kusini, USS ni za Kaskazini), haikujengwa kutoka mwanzo. Watu wa Kaskazini walipokimbia karakana ya meli ya Gosport, Aprili 1861, waliichoma na kuizamisha frigeti yao ya mvuke, Merrimack. Watu wa Kusini wakaiibua, wakaondoa yote yaliyoungua, na juu ya kiunzi kilichobaki wakajenga kibanda cha mizinga chenye kuta zilizolala kwa nyuzi 36. Kwanza zilipangwa mbao za msonobari na mwaloni, unene wa inchi 24. Juu yake yakaja mabamba ya chuma tabaka mbili, kila moja inchi 2, la ndani likilazwa na la nje likisimamishwa, yote yakashikwa kwa bolti zilizopenya mpaka ndani na kukazwa kwa nati.

Hizo inchi 2 zilipatikana kwa taabu. Mpango wa awali ulikuwa mabamba ya inchi 1, ambayo kiwanda cha Tredegar mjini Richmond kiliweza kuyatoboa kwa pigo moja la mashine. Majaribio ya kuyapiga mizinga yakaonyesha hayatoshi. Bamba la inchi 2 halikubali pigo hilo, kwa hiyo kila tundu la bolti lilitobolewa kwa keekee, bamba baada ya bamba, na miezi ikapita. Sehemu kubwa ya chuma chenyewe ilikuwa reli kuukuu na vyuma chakavu.

Mbao zile nyuma ya chuma wengi huzipita haraka, nami huwasimamisha wanafunzi hapo. Bamba lililo peke yake likipigwa na tufe zito la mzinga hupasuka, na bolti hukatika zikaruka ndani kama risasi. Ukiliwekea mbao nene nyuma, mshindo husambaa na bamba hupata mahali pa kuegemea. Waingereza walilijua hilo: HMS Warrior ya mwaka 1860 ilikuwa na chuma cha inchi 4.5 juu ya inchi 18 za msaji. Kwenye Virginia, ule mlalo wa ukuta nao ulisaidia. Tufe linalokuja sawasawa na maji lilikutana na karibu inchi 7 za chuma badala ya 4, na mara nyingi liliteleza kwenda juu.

Tarehe 8 Machi Virginia iliitoboa USS Cumberland kwa pembe yake ya chuma na kuizamisha, kisha ikaiteketeza USS Congress. Zote mbili zilikuwa za mbao. Usiku huo USS Monitor ikawasili.

Monitor, iliyobuniwa na John Ericsson, ilikuwa na mnara unaozunguka kwa nguvu ya mvuke, wenye mizinga miwili ya inchi 11. Ukuta wa mnara ulikuwa na mabamba manane ya inchi 1 yaliyopandanishwa, kwa kuwa mabamba mazito yasingepatikana kwa haraka iliyotakiwa. Mabamba manane hayana nguvu ya bamba moja la inchi 8. Mnara wenyewe ulikuwa mgumu kuuanzisha, na ukishaanza kuzunguka ni mgumu kuusimamisha, hata wapigaji wakawa wanafyatua ungali unazunguka.

Asubuhi ya tarehe 9 zikapigana kwa saa kama nne. Mabamba ya Virginia yalipasuka, mbao zikabonyea, lakini hakuna tufe lililopenya. Mizinga ya Monitor ilikuwa chini ya amri ya kutotiwa zaidi ya ratili 15 za baruti. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo: mwaka 1844 mzinga mkubwa ulilipuka kwenye USS Princeton na kuua mawaziri wawili wa Marekani. Baadaye mizinga ya aina ile ya Monitor ilijaribiwa kwa ratili 30 na ikastahimili. Virginia nayo ilikuja imejiandaa kwa meli za mbao, imebeba makombora ya kulipuka, bila matufe mazito ya kuvunjia deraya. Pigo lake lililouma zaidi liliangukia chumba cha usukani cha Monitor, likamjeruhi macho nahodha wake, John Worden.

Anayetaka ushahidi kwamba deraya kama ya Virginia ingeweza kuvunjwa aende Wassaw Sound, Georgia, tarehe 17 Juni 1863. CSS Atlanta ilikuwa na kuta za mlalo na chuma cha inchi 4 katika tabaka mbili juu ya mbao, karibu sawa na Virginia. Ilikuwa imekwama kwenye fungu la mchanga pale USS Weehawken ilipoikaribia na mzinga wa inchi 15, unaorusha tufe la zaidi ya ratili 400. Tufe la kwanza kulenga lilivunja chuma na mbao, vibanzi vikamwagika ndani na kuwaangusha mabaharia kwa makumi. Weehawken ilipiga mara tano tu, na Atlanta ikasalimu amri.