Kusoma juani hakupofushi
Kaa na gazeti juu ya mawe ya Capri Point, ufukweni Mwanza, saa tisa alasiri, hakosi mtu wa kukuambia, "Utapofuka wewe!" Wapi. Karatasi nyeupe inakurudishia jua usoni, ziwa nalo linamulika kwa pembeni. Mboni inasinyaa, unakunja uso, unasahau kupepesa, na upepo unakausha machozi. Ndiyo maana herufi zinacheza na paji linauma. Ukiingia ndani unaona giza na madoa ya kijani, lakini ni kwa dakika kadhaa tu. Lipe jua mgongo, kivuli chako kifunike ukurasa. Kinachoharibu jicho ni kulikodolea jua lenyewe, au miaka mingi ya mionzi yake bila kofia: ndiyo huotesha kile kinyama unachokiona kwenye macho ya baadhi ya wavuvi wazee, kikitambaa kuelekea mboni.