Dhana potofu kuhusu kujikabidhi kwa Mungu

Dhana: Utakatifu ni wa watawa. Sisi wenye masufuria na watoto wa kuogesha hatumo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulilisema hili wazi mwaka 1964: waamini wote, wa hali yoyote ya maisha, wameitwa kwenye utakatifu. Na hata ukikimbilia monasterini, masufuria utayakuta huko yanakungoja. Muulize Nicolas Herman, askari aliyejeruhiwa vitani, kisha akaingia kwa Wakarmeli, shirika la watawa, huko Paris katika karne ya 17 na kuitwa Ndugu Lawrence. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda hata kidogo, akadumu nayo miaka kama 15. Safari moja alitumwa Burgundy, jimbo la Ufaransa, kununua divai. Biashara haijui, mguu mbovu. Ndani ya mashua hakuwa na namna ya kusogea ila kujiviringisha juu ya mapipa. Akamwambia Mungu kwamba shughuli hii ni ya kwako, akaendelea kujiviringisha. Divai ikapatikana.

Hakungoja arudi kanisani ndipo azungumze na Mungu. Palepale kwenye mapipa palimtosha.

Dhana: Kujikabidhi ni kukaa tu, Mungu atafanya.

Hili lina madhara kuliko mengine yote. Mwaka 1687 Papa Innocent XI alilaani mafundisho ya Miguel de Molinos, padre aliyefundisha kwamba roho inapaswa kuacha kabisa kutenda. Ukiumwa, nenda ukatibiwe; ukidhulumiwa, dai haki yako. Unachokiweka mikononi mwa Mungu ni yale yasiyo mikononi mwako. Yesu mwenyewe pale Gethsemane alianza kwa kuomba kikombe kimwepuke, ndipo akasema, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Kwa hiyo anayemwambia mtu anayepigwa nyumbani kwake avumilie tu kwa sababu ndiyo kujikabidhi, anamsingizia Mungu.

Dhana: Mungu akiwepo, utamsikia moyoni.

Pengine. Teresa wa Lisieux, mtawa Mkarmeli wa Ufaransa, alikuwa akisinzia kwenye sala, na ameandika hivyo mwenyewe bila kujitetea sana. Tangu Pasaka ya 1896 hadi alipofariki Septemba 1897 aliishi katika giza la imani, mbingu kwake ikawa kama ukuta. Hata hivyo, mwaka 1997 Kanisa lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu ambao mafundisho yao ni hazina kwa Kanisa zima.

Dhana: Siku ya jaribu kubwa ndipo nitajikabidhi.

Jaribu kubwa huenda lisije. Maudhi yanakuja kila siku, nayo ndiyo magumu, maana hakuna anayekupongeza kwa kuyapokea. Teresa huyohuyo alikuwa akifua, na mbele yake mtawa mwenzake alimrushia maji machafu usoni kila alipoinua vitambaa. Wazo la kwanza lilikuwa lile ambalo mimi na wewe tungekuwa nalo: arudi nyuma, ajifute uso kwa namna ambayo mwenzake ataona na kujirekebisha. Hakujifuta. Akaona ni ujinga kukataa zawadi inayotolewa kwa ukarimu namna ile, akajitahidi kuyatamani yale maji. Haikuwa rahisi mwanzoni. Mwishowe akaazimia kwamba safari nyingine atarudi kusimama mahali palepale.