Shule ya Wasichana: Tunayoyaamini na Yanayotokea Darasani

Shule ya wasichana ikizungumziwa, watu hutaja uzio, nidhamu na matokeo ya mtihani. Mwalimu hatajwi mpaka matokeo yaharibike. Dhana nyingi kuhusu shule hizi zimeota hapo, na zinawagharimu wanafunzi na walimu wao pia.

"Wakiwa peke yao, masomo yatapanda yenyewe"

Mwaka 2014, Erin Pahlke, Janet Hyde na Carlie Allison walichambua tafiti 184 zilizohusu wanafunzi wapatao milioni 1.6 kutoka nchi 21. Zile tafiti zilizozingatia hali ya familia na uwezo wa mwanafunzi kabla hajajiunga zilionyesha tofauti ndogo mno kati ya shule za jinsia moja na za mchanganyiko, na kwingine haikuonekana kabisa. Shule nyingi zinazong'ara huchuja wanafunzi mlangoni. Anayepokea waliofaulu asishangae kutoa waliofaulu.

Sisemi shule hizi hazina faida. Msichana ana nafasi ya kuongoza mdahalo au kushika vifaa vya maabara bila kumpisha mtu. Ila nafasi hiyo lazima mtu aipange. Isipopangwa, wasichana watano wenye sauti hulitawala darasa, na wengine hunakili majibu yao.

"Mwalimu wa kike ni mfano tosha"

Inategemea anaonyesha mfano gani. Sian Beilock na wenzake walifuatilia walimu wa kike 17 wa madarasa mawili ya mwanzo ya shule ya msingi nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, hofu ya mwalimu kuhusu hisabati haikuhusiana na uwezo wa wanafunzi wake. Mwisho wa mwaka, wasichana waliofundishwa na walimu wenye hofu zaidi walielekea kuamini kwamba hisabati ni ya wavulana, na walioamini hivyo walifanya vibaya zaidi. Wavulana wa madarasa hayohayo hawakuathirika. Kwa hiyo mwalimu anayesema kwa utani "hata mimi hesabu zilinishinda" amefundisha somo ambalo halimo kwenye andalio lake. Asilaumiwe, asaidiwe kuielewa hisabati vizuri zaidi.

"Aliyenyamaza ameelewa"

Wasichana husifiwa kwa utulivu, basi utulivu huchukuliwa kuwa uelewa. Mary Budd Rowe, aliyerekodi vipindi vya sayansi miaka ya 1970, aligundua kuwa walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Jaribu kuhesabu tatu kimoyomoyo mbele ya darasa: ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Pia kuna kimya kisichohusu somo. Msichana aliyeanza hedhi ghafla, hana pedi, hatasimama kwenda ubaoni hata kama jibu analo.

"Mwambie ana akili, atajiamini"

Claudia Mueller na Carol Dweck walilipima hili mwaka 1998. Watoto waliosifiwa kwa akili walichagua kazi rahisi zaidi, walivunjika moyo haraka walipokwama, na wengi wao zaidi walidanganya kuhusu alama walizopata. Waliosifiwa kwa juhudi hawakuyumba hivyo. Lakini juhudi tupu nayo haitoshi: anayekesha akitumia njia mbovu anahitaji kuonyeshwa njia nyingine, asiishie kupigiwa makofi.

"Kusahihisha ni kuweka maksi"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo jasho kubwa la mwalimu linapomwagika bure. Mwanafunzi anarudishiwa daftari: 11 kwa 20, chini yake "Jitahidi". Anachungulia ya jirani, 14. Anafunga daftari. Imeisha hiyo.

Ruth Butler alilinganisha makundi matatu katika utafiti wake wa mwaka 1988: waliopewa maksi tu, waliopewa maoni tu, na waliopewa vyote viwili. Waliopata maoni tu ndio walioimarika. Maksi zilipowekwa pamoja na maoni, faida ya maoni ilipotea, maana jicho hukimbilia namba.

Maoni yenyewe yawe na kazi ndani yake: "Hatua ya tatu umeihamisha 7 upande wa pili bila kugeuza kujumlisha kuwa kutoa. Rudia swali la 4 na la 6." Najua jibu la ofisi ya walimu: madaftari ni mengi, nani ana muda huo? Usiandike hivyo kwa kila swali. Chagua swali moja lililowashinda wengi, andika hapo tu, kisha toa dakika 10 za kipindi kinachofuata warekebishe mbele yako.

"Semina ndiyo inayomjenga mwalimu"

Semina ina faida zake, chai ikiwemo. Lakini Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walipokusanya tafiti 60 mwaka 2018, waliona kwamba mwalimu akifuatiliwa darasani kwake na mwenzake mzoefu, akapewa mrejesho wa mara kwa mara, ufundishaji hubadilika kwa kiasi kikubwa, na ufaulu wa wanafunzi hupanda pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Waliona vilevile kuwa programu zikipanuliwa kwa walimu wengi, nguvu yake hupungua. Kuanza na walimu wachache si aibu.

Kinachokwamisha ni sura ya ukaguzi. Mtu akiingia na fomu ya kujaza, mwalimu hufundisha somo la maonyesho. Mwenzake aingie na karatasi yenye ramani ya madawati tu, akiweka kijialama kila mwanafunzi anapoulizwa swali. Baada ya kipindi waitazame pamoja: mstari wa mbele umejaa vijialama, upande wa dirishani hakuna hata kimoja. Hakuna haja ya hotuba.

Na wakongwe je? Kraft na John Papay walionyesha mwaka 2014 kwamba katika shule zenye ushirikiano na uongozi unaosaidia, walimu waliimarika zaidi kwa miaka 10 kuliko wenzao wa shule zisizo na hayo. Mwanzo wake ni kipindi kimoja kwa wiki ambacho walimu wawili wa somo moja wameachwa huru kutembeleana, na ratiba hiyo hupangwa na mwalimu wa taaluma palepale shuleni.