Kwa nini tairi hulika upande mmoja wakati gari halivuti kokote?

Madereva wengi hupima alaimenti, yaani jinsi matairi yalivyonyooka, kwa usukani: gari lisipovuta kushoto wala kulia, wanaona mambo yako sawa. Hapo ndipo matairi mapya huteketea. Matairi mawili ya mbele yakiwa yameelekeza pua, yaani ncha zake za mbele, ndani kwa kiasi kilekile, kila moja linamsukuma mwenzake, nguvu zinakatana, na gari linanyooka barabarani huku mpira ukisagika kiubavu.

Tupige hesabu. Chukua Land Cruiser yenye matairi ya kimo cha sentimita 80 hivi. Ukipima kati ya matairi mawili ya mbele, ukakuta umbali kati ya pua zake ni mdogo kuliko umbali kati ya sehemu zake za nyuma kwa milimita 7, kila tairi limepinda robo digrii tu. Jicho haling'amui. Lakini kwa kila kilomita, tairi hilo linaburutwa kiubavu zaidi ya mita 4. Katika kilomita 100, zaidi ya mita 400. Bega la nje, yaani ukingo wa nje wa sehemu inayokanyaga barabara, ndilo linaloumia. Pua zikitazama nje, huliwa bega la ndani, na hilo dereva huchelewa kuliona kwa sababu limejificha.

Gari la porini linapatwa na haya mapema zaidi. Magurudumu ya mbele yameunganishwa na tairodi, chuma kirefu kinachopita chini karibu na ekseli. Jiwe likikigonga kikapinda, kinafupika, na pembe za matairi zinahama papo hapo. Barabara za changarawe zenye mawimbi, kama zile za Serengeti, nazo hutikisa viungo vya tairodi na bushi (mipira ya kwenye maungio) hadi vinalegea.

Kabla ya kwenda gereji, pitisha kiganja juu ya kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Kama kwenda upande mmoja ni laini na kurudi kunakwaruza, tatizo ni uelekeo wa pua. Mabega yote mawili yakilika, tazama upepo kwanza: ni mdogo. Katikati pakilika, umezidi. Na kwenye gari ambalo ekseli ya mbele ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, tairi likilala upande, fundi akague beringi za goti (kiungo kinachogeuza gurudumu) na ekseli yenyewe, maana ulalo huo kwa kawaida haurekebishwi kwa kukaza nati.

Kupima hakuhitaji mashine. Usukani ukiwa umenyooka, weka alama ya chaki katikati ya kashata za matairi yote mawili, upande wa mbele, kwenye kimo cha ekseli. Pima umbali kati ya alama. Sukuma gari mbele mpaka alama zifike nyuma, kimo kilekile, upime tena. Tofauti ya vipimo ndiyo unayolinganisha na kitabu cha gari. Ila viungo vya tairodi vikaguliwe kwanza: vikiwa vimelegea, kipimo cha gari lililosimama hubadilika mara tu linapoanza kwenda.