Mahubiri nayo ni ibada, tusikilize vizuri

Jumapili nyingi hapa Kakamega, hata kule Kisumu, naona kitu kile kile, kwaya ikiimba kanisa lote liko juu, kayamba zinalia, watu wanatoa jasho, halafu mhubiri akifungua tu Biblia watu wanakaa na simu zinatoka mfukoni, ni kama ibada imeisha tunangojea matangazo. Mimi nafundisha wahubiri kwa chuo cha Biblia na hii kitu inaniuma, mtu tunamfundisha miaka jinsi ya kuhubiri lakini kusikiliza hakuna mwenye anafundishwa.

Soma Nehemia 8. Ezra alisoma torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wamesimama, wakainua mikono wakasema Amina wakasujudu, na Walawi wakawa wanawaeleza maana. Kusikia na kuabudu hapo ni kitu kimoja. Na Yesu akishamaliza mfano wa mpanzi anasema kwa Luka 8:18, "Jiangalieni basi jinsi msikiavyo."

Sasa mwenye anasinzia usimcheke, Jumamosi huku kwetu ni siku ya mazishi na wengi wamekesha matangani. Kwa Matendo 20 kijana Eutiko alilala Paulo akihubiri akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na Paulo hakumgombeza, alishuka akamkumbatia. Lakini kama ulikesha juu ya mpira tu, hiyo unaweza panga vingine.

Kama andiko linajulikana mapema lisome jioni ya kuamkia Jumapili. Na pale kuna mkalimani, Kiswahili kinaenda Kiluhya ama Dholuo, ile nafasi ya mwingine kuongea usiipoteze kwa WhatsApp, angalia ule mstari na wenye uko juu yake. Kwa Matendo 17 watu wa mji wa Beroya walichunguza maandiko kila siku waone kama Paulo anasema ukweli, na hakuna mahali wanaitwa wakaidi.

Kuna mama mmoja huandika kwa nusu ya daftari la mtoto wake, kalamu imefungwa na uzi. Siku moja nilihubiri Luka 10, Mariamu ameketi kwa miguu ya Yesu anasikiliza, na dada yake Martha, mwenye alihangaika na kuhudumia, nikamchapa sana kwa maneno. Jumatano kwa fellowship mama akafungua daftari akaniuliza, "Mwalimu, na Yohana 11:5 inasema Yesu alimpenda Martha, na tena ametajwa wa kwanza, sasa mbona ulimfukuza jikoni?" Jumapili iliyofuata nilirudia hilo somo upya.