Tiki moja si ushahidi kwamba umezuiwa

Watu wengi hapa Dodoma wanaamini kwamba ujumbe wa WhatsApp ukibaki na tiki moja, mtumaji amezuiwa, na kwamba tiki mbili za bluu zikifuatwa na ukimya ni dharau ya makusudi. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa alama hizo huonekana kama ushahidi.

Tiki moja huonyesha tu kwamba ujumbe umetumwa lakini haujafika kwenye simu ya pili. Aliyekuzuia huacha alama hiyo, lakini huiacha vilevile shangazi aliyeko kijijini Mpwapwa ambaye bando limemwishia, simu imezima kwa kukosa chaji, au mtandao haushiki nyumbani kwake. Tiki za bluu nazo humaanisha kwamba mazungumzo yalifunguliwa, jambo ambalo hata mtoto anayechezea simu ya mama yake anaweza kulifanya. Aliyezima taarifa za kusoma huweza kusoma kila neno bila tiki kugeuka bluu, ingawa kwenye makundi mpangilio huo haufanyi kazi. Huko, kwa mfano kundi la michango ya harusi, tiki hugeuka bluu baada ya wanakundi wote kusoma.

Unaweza kuhakiki mwenyewe: mwombe ndugu azime data, mtumie ujumbe, utazame tiki inavyobaki moja mpaka atakapoiwasha. Na kabla ya kumnunia shangazi, ni vyema umpigie simu ya kawaida, ambayo haihitaji bando la intaneti.